Harris wa Boston na Watoto wa Senti Kumi

Mtoto wa Kimarekani aliyesoma vitabu vya katuni kati ya miaka ya 1940 na 1960 hakuweza kulikwepa tangazo lile. Lilikaa chini ya ukurasa, limebanwa na matangazo ya baiskeli na ya mazoezi ya kutunisha kifua: stempu za pembetatu, mnyama hapa, meli pale, na ahadi ya kifurushi cha stempu za nchi ambazo mwalimu wa jiografia mwenyewe asingeweza kuzitaja zote. Maelekezo yalikuwa mafupi. Kata kipande hiki, jaza jina na anwani, tia senti kumi ndani ya bahasha, tuma kwa H. E. Harris & Co., Boston, Massachusetts.

Siku zikapita, tarishi akaleta bahasha. Juu yake limeandikwa jina la mtoto, si la baba wala la mama. Kwa maoni yangu nguvu ya biashara ile ilikuwa hapo, hata kabla bahasha haijafunguliwa. Kulikuwa na mtu mzima, katika mji wa mbali, aliyemwandikia mtoto wa miaka tisa kama mteja wake.

Mtu huyo aliitwa Henry Ellis Harris. Alizaliwa mwaka 1902, akafariki mwaka 1977, na si rahisi kumtaja muuzaji mwingine wa stempu aliyewaingiza watoto wengi kuliko yeye katika ukusanyaji. Wapo waliouza stempu ghali zaidi. Wapo waliozijua stempu kwa kina zaidi, wakaandika vitabu vinene juu ya rangi ya wino na idadi ya vitundu vya pembeni. Harris aliuza stempu za bei ya pipi, akauza nyingi mno, na baadhi ya zile zilizoingia katika vifurushi vya watoto wa Marekani zilikuwa na sura ya pwani yetu.

Kabla yake mambo hayakuwa hivyo. Stempu ya kwanza ya posta, ile nyeusi ya peni moja yenye kichwa cha Malkia Victoria, ilianza kutumika Uingereza tarehe 6 Mei 1840. Haikupita miaka mingi watu wakaanza kuzihifadhi stempu zilizokwisha kutumika, nao wakachekwa, maana wengi wao walikuwa watoto wa shule. Mwaka 1861 Alfred Potiquet alichapisha Paris orodha ya stempu zilizokuwa zimetolewa hadi wakati ule. Mwaka uliofuata, Justin Lallier akatoa albamu yenye nafasi zilizopangwa nchi kwa nchi. Katika bustani za Paris wavulana na watu wazima walikutana hadharani kubadilishana stempu, hadi polisi wakaja kuwatawanya. Kule Plymouth, Edward Stanley Gibbons alianza kuuza stempu mwaka 1856 katika duka la dawa la baba yake, na husimuliwa kwamba mwaka 1863 mabaharia wawili walimletea mfuko uliojaa stempu za pembetatu za Rasi ya Tumaini Jema, naye akawalipa pauni tano tu.

Halafu matajiri wakaingia. Mwishoni mwa karne ya 19 Philipp von Ferrary aliishi Paris akinunua kila kilicho adimu bila kuuliza bei, na huko Uingereza mjukuu wa Malkia Victoria, ambaye baadaye alikuwa Mfalme George wa Tano, alikuwa akijaza albamu zake kwa bidii. Starehe iliyoanzia mifukoni mwa wanafunzi ikawa ya mabwana wenye miwani ya kukuzia na wanasheria wa kusimamia minada. Mtoto hakufukuzwa, ila hakuna aliyemhangaikia. Akitaka stempu, aende dukani mjini, na mtoto wa shambani Kansas au Nebraska hakuwa na duka la kwenda.

Posta, lakini, ilimfikia. Tangu mwaka 1896 serikali ya Marekani ilikuwa imeanza kupeleka barua hadi kwenye mashamba, bila malipo ya ziada. Wafanyabiashara wakubwa wa Chicago walikwisha kuitumia njia hiyo kuuza majembe, nguo na hata nyumba nzima zilizokatwa tayari kwa kujengwa. Ilibaki mtu wa kuona kwamba hata mtoto ana anwani.

Aliyeliona jambo hilo alikuwa mtoto mwenyewe. Mwaka 1916 Harris alikuwa na miaka 14 alipoanza kuuza stempu, na kampuni yake ikauhesabu mwaka huo kuwa mwaka wa kuzaliwa kwake. Wakati wenyewe ulimfaa. Miji ya Marekani ilikuwa imejaa wahamiaji kutoka Italia, Urusi, Sweden na dola ya Austria na Hungaria, na kila familia ya wahamiaji ilikuwa na sanduku la barua za nyumbani. Vita vilikuwa vikiwaka Ulaya, ramani inabadilika kila kukicha, na stempu zikabadilika pamoja na ramani. Mwaka 1918 dola kongwe zilipovunjika, nchi mpya kama Chekoslovakia na Latvia zilianza kuchapisha za kwao mara moja. Latvia, kwa kukosa karatasi, ilichapisha stempu zake za kwanza nyuma ya ramani za kijeshi za Wajerumani. Mtoto aliyezipata alikuwa na stempu mbele na kipande cha vita nyuma.

Harris akaimarika Boston. Anwani yake ya muda mrefu ilikuwa 108 Massachusetts Avenue, jengo lililoitwa Transit Building, na jina hilo lilichapwa katika matangazo mara nyingi hadi watoto wasiowahi kufika Boston wakalikariri. Kampuni ikajitangaza kuwa ndiyo kubwa kuliko zote duniani katika stempu. Wafanyabiashara husema mengi, lakini dai hili halikuwa na wengi wa kulipinga.

Miaka ya 1930 ndiyo iliyomkuza. Uchumi ulikuwa umeanguka, mamilioni hawana kazi, na familia zilitafuta starehe isiyo na gharama. Ikulu ya Washington ilikuwa na mkusanyaji wa stempu tangu Machi 1933: Rais Franklin Roosevelt alizikusanya tangu utotoni, na picha zake akiwa ameinamia albamu zilitoka magazetini. Hata kashfa ilisaidia. Mkuu wa posta wake, James Farley, alikuwa akichukua karatasi za kwanza za stempu mpya, kabla hazijatobolewa vitundu, na kuwagawia marafiki, akiwamo Rais mwenyewe. Wakusanyaji walipogundua walikuja juu, na mwaka 1935 ikabidi posta ichapishe stempu za namna ile na kuziuza kwa umma. Kwa mara ya kwanza magazeti ya kawaida yalijaa ubishi juu ya stempu, na kila ubishi ulileta wakusanyaji wapya.

Wengine nao walikuwa wakiupiga mlango uleule. Jacques Minkus alifungua kaunta ya stempu mwaka 1931 ndani ya duka kubwa la Gimbels, New York, na baadaye akaeneza kaunta za aina hiyo katika maduka ya miji mingine, ili mama akienda kununua shuka mtoto aende kwenye stempu. Redioni, mzaliwa wa Australia aliyejulikana kama Kapteni Tim Healy aliwasimulia watoto visa vilivyo nyuma ya stempu, kipindi kikilipiwa na kampuni ya sabuni ya Ivory, na watoto wakawahimiza mama zao wanunue sabuni hiyo wapate karatasi za kufungia za kutuma. Skauti wa Marekani nao wakaanzisha beji ya ukusanyaji wa stempu.

Harris hakutegemea redio wala kaunta. Alinunua nafasi za matangazo popote macho ya mtoto yalipofika: majarida ya wavulana, magazeti ya Jumapili, vitabu vya katuni, hata vifuniko vya vibiriti. Matangazo hayo yalikuwa na ujanja ambao mtoto hakuujua. Baada ya jina la kampuni kulikuwa na neno la idara na namba au herufi fulani. Idara zenyewe hazikuwapo. Namba ilimwonyesha Harris barua imetokana na tangazo lipi, katika gazeti lipi, toleo lipi, naye akajua wapi pesa yake inazaa na wapi inapotea. Leo kampuni za intaneti hufanya vivyo hivyo kwa mitambo. Harris alifanya kwa makarani na bahasha zilizofunguliwa kwa mkono.

Sasa tuzifuate zile senti kumi. Kifurushi alichotumiwa mtoto hakikumpa Harris faida. Pengine kilimtia hasara, ukihesabu tangazo, bahasha na gharama ya posta. Faida ilikuwa katika kitu cha pili kilichokaa ndani ya bahasha hiyohiyo. Kulikuwa na kijitabu chembamba, au karatasi kadhaa zilizokunjwa, stempu zimeshikizwa juu yake kwa vipande vidogo vya karatasi yenye gundi hafifu, na chini ya kila moja bei: senti mbili, senti tano, senti 15. Mtoto hakuziagiza moja moja. Ameletewa azitazame. Zile azipendazo azibandue, alipe thamani yake, na zilizobaki azirudishe Boston. Akirudisha na kulipa vizuri, ataletewa nyingine, nzuri zaidi.

Wafanyabiashara wa kwetu wanaifahamu biashara ya namna hii: ni mali kauli. Unampa mtu mzigo kwa neno lake, akiuza anakuletea chako na kilichobaki. Tofauti ni kwamba mali kauli ya Kariakoo hupewa mtu unayemjua au anayejulikana na unayemjua. Harris aliipeleka kwa watoto asiowajua, mamia ya maili mbali, kwa kuamini kipande cha karatasi kilichokatwa kwenye katuni na kuandikwa kwa penseli.

Wengi walilipa. Kama wasingelipa, kampuni ingefungwa mwaka wa kwanza. Na mtoto aliyelipa alikuwa amejifunza mambo mawili bila kufundishwa: kuhesabu deni na kulitimiza. Wazee wengi wa Marekani walioandika kumbukumbu zao huikumbuka hofu ile ya kukaa na stempu za watu mezani huku pesa ya mfukoni haifiki.

Maana ubaya nao ulikuwapo, na sitaki kuupitia juu juu. Neno lililoeleza kwamba stempu za kuchagua zitaletwa pamoja na kifurushi lilichapwa kwa herufi ndogo kuliko zote katika tangazo. Mtoto aliona simba na meli, hakuliona neno lile, au aliliona asilielewe. Bahasha ilipofika alidhani kila kilichomo ni chake kwa senti kumi alizokwisha kutuma. Akabandika zote kwenye daftari. Wiki zikapita, ikaja barua ya adabu ya kumkumbusha. Ikaja nyingine yenye adabu pungufu kuliko ilivyopaswa. Baba akaiona, nyumba ikawaka moto. Biashara nzima ya stempu za kuchagua ilisemwa vibaya kwa sababu hii, na Harris akiwa mkubwa wao alipata fungu kubwa la lawama. Mwaka 1970 sheria ya Marekani ilisema wazi kwamba kitu alichotumiwa mtu bila kukiomba ni zawadi, hadaiwi. Wauzaji wa stempu walisalimika kwa sababu ya yale yale maandishi madogo: mtoto, kisheria, alikuwa ameomba.

Kwa upande mwingine, Harris alimpa mtoto vitu ambavyo wauzaji wengine hawakujisumbua navyo. Alitoa kijitabu cha kumsaidia kutambua stempu imetoka nchi gani, maana si jambo dogo mtoto kujua kwamba "Helvetia" ni Uswisi na "Magyar" ni Hungaria. Alitoa albamu za ngazi mbalimbali, kuanzia za wanaoanza, na ile ya Statesman ikawa maarufu sana, kurasa zake zimechapwa picha za stempu ili mtoto alinganishe na kubandika mahali pake. Kila nafasi iliyo wazi katika albamu hiyo ilikuwa tangazo lisilolipiwa. Mtoto akifungua ukurasa akakuta mapengo, alijua wapi pa kuandika.

Stempu hizi za senti moja na mbili zilitoka wapi? Nyingi zilinunuliwa kwa uzito. Benki, kampuni za meli, na hasa misheni za dini zilikata kona za bahasha zilizopokea, zikazijaza kwenye magunia na kuziuza kwa kilo ili zipate fedha za kazi yao. Bahasha zenyewe zilitupwa. Stempu zikalowekwa majini, gundi ikaachia, zikakaushwa, zikapangwa.

Lakini fungu jingine halikuwahi kubandikwa kwenye barua yoyote. Hapa ndipo mwambao wetu unapoingia, na hadithi yake inachekesha kwa uchungu. Kusini ya mto Ruvuma, mpaka mto Lurio, ardhi ya Wamakonde, Wamakua na Wamwani wa visiwa vya Kirimba, Wareno waliikodisha kwa kampuni binafsi iliyoitwa Companhia do Niassa. Makao yake yalikuwa Ibo, kisha Porto Amélia, ambayo leo ni Pemba ya Msumbiji. Kampuni ilitoza kodi ya nyumba, ililazimisha watu kufanya kazi, na wengi walivuka Ruvuma kukimbia. Kampuni hiyohiyo ilikuwa na haki ya kutoa stempu. Mwaka 1901 ilichapishiwa London, na kiwanda cha Waterlow, stempu za kupendeza ajabu: twiga kwenye zile za bei ndogo na ngamia kwenye zile za bei kubwa. Ngamia, Ibo! Mchoraji wa London aliona Afrika ni moja, na ngamia ni wake popote.

Eneo lile halikuwa na barua za kuhitaji stempu zote hizo. Wanunuzi halisi walikuwa wakusanyaji wa ng'ambo. Stempu za Nyassa, kama lilivyoandikwa jina lake juu yake, zilijaa kwenye vifurushi vya watoto wa Ulaya na Marekani kwa miongo mingi baada ya mkataba wa kampuni yenyewe kumalizika mwaka 1929. Watoto wengi wa Boston waliwahi kumwona twiga wa Nyassa kabla hawajamwona twiga wa bustani ya wanyama. Juu ya kazi za kulazimishwa, stempu haikusema neno.

Stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa za kweli zaidi, maana watu walizitumia kwa barua zao. Zile za mwaka 1935 zina korongo wa Uganda, simba, Mlima Kilimanjaro, Mlima Kenya, daraja la reli la Jinja, ziwa la Naivasha, na jahazi limetandaza tanga ziwani. Jahazi hilo lina mkasa wake. Katika toleo la kwanza la senti tano, kamba iliyopaswa kushika tanga haikufika kwenye tanga. Baadaye bamba lilirekebishwa, kamba ikaunganishwa. Wakusanyaji wanazitenganisha mpaka leo kwa miwani ya kukuzia, na moja ina thamani kuliko nyingine. Baharia yeyote wa Lamu angelicheka jahazi lile la kwanza bila kuhitaji miwani.

Ndiyo maana nasita kuwafuata wanaosema watoto wa Harris walijifunza jiografia ya uongo. Walijifunza jiografia ya wenye kuchapisha. Mwaka 1960 Katanga ilipojitenga na Kongo, ilizipiga chapa upya stempu za Kongo ya Wabelgiji, na mtoto wa Marekani akaletewa nchi ambayo dunia ilikataa kuitambua. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, stempu zilizokuwapo posta zilipigwa chapa ya neno "Jamhuri" juu ya mambo ya kisultani, na watoto hao wakalisoma neno la Kiswahili bila kujua maana yake. Waliziba pengo la albamu, wakaendelea.

Mwaka 1962, mfanyabiashara huyu wa stempu za senti mbili aliingia katika kesi iliyomjulisha hata kwa watu wasiojali stempu. Ilianza na kifo kilichotokea karibu na sisi. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alifariki tarehe 18 Septemba 1961 ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, Rhodesia ya Kaskazini, akiwa njiani kutafuta usitishaji wa vita vya Katanga. Mwaka uliofuata Marekani ilitoa stempu ya senti nne ya kumkumbuka, na baadhi ya karatasi zilipitishwa mitamboni kichwa chini, rangi ya njano ikakaa upande usio wake. Mtengeneza vito wa New Jersey, Leonard Sherman, alijikuta na karatasi ya stempu 50 zenye kosa hilo, mali ya kumtajirisha. Mkuu wa posta, J. Edward Day, hakupendezwa. Kwake posta haikuwa mahali pa bahati nasibu. Akaamuru kosa lirudiwe makusudi, mamilioni kwa mamilioni, ili lisiwe na thamani tena. Sherman alikimbilia mahakamani, akakuta stempu zimekwisha kuuzwa.

Siku chache kabla ya mkasa huo, tarehe 12 Oktoba 1962, daraja kubwa lilifunguliwa juu ya lango la Mfereji wa Panama upande wa Pasifiki, na utawala wa Kimarekani wa ukanda wa mfereji ukatoa stempu ya senti nne kuliadhimisha. Rangi zilikuwa mbili: nyeusi kwa ramani na maandishi, fedha kwa daraja. Katika mzigo ulionunuliwa na kampuni ya Harris ilikuwamo karatasi ya stempu 50 ambayo wino wa fedha haukuigusa. Stempu ya kusherehekea daraja, na daraja hamna. Bei ya posta ya karatasi nzima ilikuwa dola mbili.

Watawala wa ukanda wa mfereji waliukumbuka mfano wa Day. Nao wakakusudia kuchapisha stempu zisizo na daraja na kuziuza kwa kila atakaye, ili ile ya Harris irudi kuwa ya senti nne. Harris alifungua kesi Washington. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza: alinunua mali halali, kwa bei halali, kutoka posta, na serikali haina haki ya kuiharibu thamani yake kwa makusudi. Mwaka 1965 mahakama ikampa ushindi. Kosa halikurudiwa, na leo stempu moja ya zile huuzwa kwa maelfu ya dola.

Kuna waliosema kesi ile ilikuwa ya tamaa. Mimi naona ilikuwa ya kulinda ghala. Biashara yote ya Harris ilisimama juu ya imani ya mtoto kwamba siku moja, ndani ya kifurushi cha senti kumi, atakutana na kitu adimu. Serikali ikiruhusiwa kuchapa uadimu na kuufuta ipendavyo, ndoto hiyo imekwisha, na Harris aliuza ndoto nyingi kuliko stempu.

Ndoto yenyewe, tuseme kweli, ilikuwa ya uongo kwa karibu kila mtoto. Stempu zilizouzwa kwa wingi vile haziwezi kuwa adimu. Albamu za Statesman zilizojazwa kwa uchungu miaka ya 1950 hufumuliwa leo na wajukuu, zikapelekwa kwa wauzaji, nao hutikisa kichwa. Wengine hukataa hata kuzinunua. Wajukuu huondoka wakidhani wametapeliwa. Mara nyingi hawakutapeliwa. Babu alilipa senti mbili kwa stempu ya senti mbili.

Harris aliishi kuona kampuni yake ikipita mikononi mwa General Mills, watengenezaji wa nafaka za kifungua kinywa, katika miaka ya 1970, wakati kampuni kubwa za Marekani zilikuwa zikinunua chochote kilichopendwa na watoto. Baada ya kifo chake mwaka 1977 ilihamahama kwa wenye mali mbalimbali. Wauzaji waliomfuata, kama Littleton ya New Hampshire iliyoanzishwa mwaka 1945 na Maynard Sundman akiwa ametoka vitani, waliendelea na njia ya barua na stempu za kuchagua. Jina la Harris lenyewe lipo bado kwenye albamu, na kwenye majalada ya kupangia sarafu pia. Chama kikuu cha wakusanyaji wa Marekani kimemweka katika orodha yake ya waheshimiwa, naye anastahili, pamoja na maandishi yake madogo.

Nchi nyingi zilijifunza kutoka soko alilolijenga yeye na wenzake, ikiwamo yetu. Katika miaka ya 1980 na 1990 zilitolewa kwa jina la Tanzania stempu nyingi za dinosauri na waimbaji wa Marekani, zilizosimamiwa na mawakala wa ng'ambo na kuuzwa huko huko. Mtu wa Singida au Mtwara hakuziona dirishani posta hata siku moja. Ngamia wa Ibo alikuwa amerudi kwa sura nyingine, safari hii kwa hiari yetu wenyewe.

Kwa hiyo msomaji mwenye sanduku la barua za wazee nyumbani, nina ombi moja. Usiziloweke stempu zile, wala usizikate kona kama walivyofanya makarani wa misheni. Stempu ya kawaida ya Kenya, Uganda na Tanganyika ikitoka kwenye bahasha yake huwa haina bei ya maana. Ikibaki juu ya bahasha, na muhuri wa Lindi, Ujiji au Lamu unaosomeka tarehe yake, ni ushahidi wa nani alimwandikia nani, lini, na barua ilipita wapi. Iache bahasha nzima, iweke pakavu, mbali na jua, na uandike kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni jina la aliyeipokea kabla hajatoweka anayemkumbuka.